Nani Anastahili Kidahizo? Uhakiki wa Vigezo vya Ensaiklopidia kwa Mfano wa Bendi za Kigali

1.0 Utangulizi

Katika uandishi wa ensaiklopidia, uamuzi wa kwanza na mgumu zaidi ni wa nani aandikwe. Uamuzi huo huonekana mdogo unapohusu bendi ya muziki isiyovuma. Wahariri wengi huumaliza kwa sentensi moja: bendi haijulikani, basi haistahili kidahizo chake. Makala haya yanahakiki sentensi hiyo kwa kuitazama Kigali. Hoja yake ni kwamba kigezo kinachotumika hupima wingi wa karatasi zilizoandikwa juu ya mtu au kundi, na kwamba karatasi hizo hugawanywa na taasisi, wala hazifuati uzito wa kazi yenyewe.

2.0 Kigezo na hekima yake

Kigezo kinachotawala leo, hasa katika Wikipedia ya Kiingereza ambayo matoleo mengi ya lugha nyingine huiiga, ni kuwa mhusika awe amejadiliwa kwa kina katika machapisho ya kuaminika yasiyofungamana naye. Kwa wanamuziki huongezwa vigezo vingine: kuingia katika chati za taifa, kupata tuzo kubwa, kutoa albamu mbili au zaidi kwa kampuni kubwa, au nyimbo kupigwa mara kwa mara na redio ya taifa.

Vigezo hivi vina hekima. Huzuia tangazo la biashara lisijivike vazi la elimu, na humpa msomaji njia ya kuhakiki alichoambiwa. Tatizo ni kwamba vilitungwa katika mazingira yenye viwanda vya santuri, majarida ya muziki na chati za kila wiki. Vikihamishiwa Afrika Mashariki, hupima umbali wa bendi kutoka kwenye viwanda hivyo. Orchestra Makassy ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Ilipokwenda kurekodi Nairobi na albamu ya *Agwaya* ikatolewa na kampuni ya Virgin mwaka 1982, jina lake liliweza kufika kwa wahakiki wa London. Bendi ambazo kanda zao zilibaki katika maktaba ya Radio Tanzania Dar es Salaam hazikuwa na njia hiyo, hata pale zilipochezwa na kupendwa na umma uleule.

3.0 Kigali: isiyojulikana na nani?

Orchestre Impala ilivuma nchini Rwanda katika miaka ya 1970 na 1980. Kwa Mnyarwanda aliyeishi wakati huo, kuiita bendi isiyojulikana ni jambo la kuchekesha. Nyimbo zake ziliendelea kupendwa na waliozaliwa baadaye, na katika miaka ya 2010 bendi ilifufuliwa na kupanda jukwaani tena. Kwa mhariri aliye mbali, hata hivyo, Impala ni jina lenye rejea chache, tena nyingi zikiwa katika Kinyarwanda.

Sababu ni ya kimazingira. Radio Rwanda, iliyoanza mwaka 1961, ndiyo iliyokuwa sauti kuu ya taifa kwa miongo mitatu. Bendi ilijulikana kwa kusikika hewani na kwa kuchezwa kumbini, si kwa kuandikwa. Ajabu ni kwamba kigezo cha redio ya taifa, ambacho kimo katika orodha iliyotajwa hapo juu, kingetosha kuipa Impala kidahizo. Kinachokosekana ni ushahidi wa maandishi kwamba nyimbo hizo zilipigwa. Kigezo kinatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine.

4.0 Karatasi hutoka wapi?

Uzito wa jambo hili huonekana pale linapogusa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Wasanii watatu wanatosha kuwa mfano.

Simon Bikindi, mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma la Irindiro, alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokaa Arusha. Mwaka 2008 alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari, kutokana na maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani. Mahakama ilizalisha hati za mashtaka, ushahidi wa wataalamu juu ya nyimbo zake, na hukumu ndefu. Cyprien Rugamba, mshairi na mwanzilishi wa kundi la Amasimbi n'Amakombe, aliuawa Kigali tarehe 7 Aprili 1994 pamoja na mkewe na watoto wao kadhaa. Mwaka 2015 Kanisa Katoliki lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenyeheri pamoja na mkewe, na mchakato huo hukusanya maandishi na ushahidi. André Sebanani, mwimbaji wa Impala aliyesikika pia katika michezo ya kuigiza ya redio, naye aliuawa mwaka 1994. Hakuna mahakama wala kanisa lililolazimika kumwandikia faili la sanaa yake.

Kwa mizani ya kigezo, mchochezi ana rejea tele na mwimbaji aliyeuawa ana chache. Hakuna mhariri aliyekusudia matokeo hayo. Yametokana na kanuni inayojiona haina upande, ilhali inarithi maamuzi ya taasisi zilizokuwa na sababu zake za kuandika. Mauaji yaliondoa wanamuziki, na pamoja nao mashahidi ambao wangewasimulia. Kulichukulia pengo hilo kuwa dalili ya kutokuwa na umuhimu ni kuyapa mauaji kauli ya mwisho.

5.0 Pingamizi

Wapo wanaopendekeza kinyume chake: kila bendi ipewe ukurasa, kwa kuwa Kiswahili kinahitaji makala mengi. Pendekezo hili halisaidii. Wikipedia ya Kiswahili ina kurasa nyingi zinazoitwa mbegu, na mbegu ya mistari miwili isiyomwagiliwa hubaki kuwa jina bila habari. Zaidi ya hayo, nchini Rwanda tarehe ya kifo au jina la mhusika lililokosewa si kosa dogo la uhariri; linaumiza familia na kumpa silaha mwenye kukana mauaji. Uthibitisho lazima ubaki. Kinachopaswa kubadilika ni aina ya ushahidi unaokubaliwa.

6.0 Mapendekezo na hitimisho

Kwanza, Impala inastahili kidahizo chake yenyewe. Pili, bendi za wakati wake ambazo ushahidi wake bado ni haba, kama vile Abamararungu, Ingeli na Les Fellows, ziwekwe katika kidahizo kimoja cha pamoja kuhusu muziki wa dansi wa Rwanda, na kila moja itenganishwe pale habari zake zitakapotosha. Tatu, kanda ya redio yenye tarehe na mahojiano yaliyohifadhiwa katika nyaraka za umma vihesabiwe kuwa rejea kamili, sawa na gazeti. Nne, Inteko y'Umuco, ambayo tangu mwaka 2020 imeunganisha makumbusho, lugha na nyaraka za taifa, ishirikiane na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kuorodhesha kanda hizo na kuandaa vidahizo kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017.

Pendekezo la tatu ndilo la haraka. Waliopiga magitaa hayo na kunusurika sasa ni wazee, na kila mahojiano yasiyofanyika hupunguza rejea ambazo mhariri wa kesho atadai kuoneshwa.