"Kwa Nini" ya Mtoto: Namna Watafiti Walivyoipima Shabaha Yake

Swali la mtoto mdogo linaloanza na "kwa nini" limechukuliwa mara nyingi kuwa mbinu ya kutaka kuangaliwa au kurefusha maongezi, na dai hilo ni gumu kulipima, kwa sababu mtoto anayetaka kujua na yule anayetaka tu kusemeshwa hutamka maneno yaleyale. Brandy Frazier, Susan Gelman na Henry Wellman, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2009, waliuvuka ugumu huo kwa kuchunguza kile anachofanya mtoto baada ya kujibiwa.

Hoja yao ilikuwa kwamba anayetafuta maongezi ataridhika na jibu lolote, ilhali anayetafuta sababu atalipokea jibu lenye sababu kwa namna moja na lisilo nayo kwa namna nyingine. Kwanza walipitia mazungumzo ya nyumbani ya watoto sita wa miaka 2 hadi 4, yaliyohifadhiwa katika CHILDES, hazina ya kimataifa ya maongezi ya watoto yaliyorekodiwa na kuandikwa. Kisha wakawaonyesha watoto wa miaka 3 hadi 5 vitu na hadithi zenye mambo yasiyo ya kawaida, huku mtu mzima akitoa majibu yaliyopangwa mapema, mengine yakieleza sababu na mengine yakiikwepa. Hatua hii ya pili ndiyo iliyoupa utafiti uzito, kwani nyumbani haijulikani kama ni jibu lenyewe au hali ya mzazi siku hiyo iliyobadilisha mwenendo wa mtoto.

Waliopewa sababu walielekea kukubali au kuuliza swali jipya lililojengwa juu ya jibu, na walionyimwa wakarudia swali lilelile au wakajitungia maelezo. Mtoto anayeuliza kwa nini uji unafuka moshi, akaambiwa "ndivyo ulivyo, kunywa", amejibiwa bila kupewa sababu, na swali litarudi. Akielezwa kwamba joto limegeuza baadhi ya maji ya uji kuwa mvuke unaopanda, huenda akauliza mvuke huo unakwenda wapi, na hapo maswali hayajapungua bali yamesonga mbele.

Matokeo hayo yasichukuliwe kuwa picha ya watoto wote. Mary Gauvain na wenzake, mwaka 2013, walichambua kumbukumbu za miaka ya 1970 kutoka jamii nne, wakiwemo Walogoli wa magharibi mwa Kenya, wakakuta watoto wakiuliza maswali, lakini yale ya "kwa nini" yakiwa machache mno kuliko ya watoto wa Marekani. Uchache huo hauthibitishi upungufu wa udadisi, kwa kuwa mtoto anayeshinda karibu na kazi za wakubwa hujifunza mengi kwa kutazama, na pengine amefundishwa kutowahoji.

Mzazi anayechoshwa na swali linalorudiwa ataje basi sababu moja ya kweli, hata iwe fupi, na asipoijua aseme hivyo waziwazi.