Mwaka wa Kwanza wa Ukumbi Mdogo: Nani Atausimulia kwa Kiswahili?

Makala haya yanautazama mwaka mmoja tu, 2022, wa ukumbi mmoja mdogo wa sanaa jijini Nairobi: Nairobi Contemporary Art Institute, au NCAI kwa kifupi. Taasisi hiyo, ambayo si ya biashara, ilianzishwa mwaka 2020 na mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi. Mwaka 2022 ndipo ilipoanza maonyesho yake, ndani ya jengo la maduka la Rosslyn Riviera. Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki riwaya na tamthilia; picha tunawaachia wengine. Nadai kwamba uzembe huo una gharama.

Hebu tuanze na uteuzi. Onyesho la kufungulia lilitolewa kwa mtu mmoja, Sane Wadu, aliyezaliwa mwaka 1954. Zamani aliitwa Walter Njuguna Mbugua, naye alikuwa mwalimu. Alipoacha chaki akashika brashi, watu wakasema kichwa chake kimeruka. Basi akajipa jina Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mtu mwenye akili timamu. Kejeli iliyoje!

Ukumbi mpya ungeweza kukimbilia vijana wanaovuma sokoni. Huu ulirudi nyuma, na naona ulifanya vyema, kwani Nairobi imepoteza kumbukumbu nyingi za sanaa yake. Paa ya Paa, kituo kilichoasisiwa mwaka 1965 na Elimo Njau na wenzake, kiliungua mwaka 1997. Gallery Watatu, iliyowahi kuonyesha kazi za Wadu, imekwisha kufungwa, na picha nyingi za kizazi chake zilikwenda na wanunuzi wa kigeni. Sasa mwanafunzi akitaka kujua jinsi fani ya Wadu ilivyokua, kutoka rangi za maji nyepesi hadi mafuta mazito yaliyorundikwa juu ya turubai, ataona wapi? Bila kuziweka kazi za miaka mingi pamoja, hakuna uhakiki. Kuna sifa tu.

Hata hivyo, nina malalamiko mawili. La kwanza ni la kitabaka. Jengo la maduka la mtaa wa wenye magari si mahali anapopita mkulima au utingo, na watu wa kawaida ndio waliojaa katika picha za Wadu. Kuingia ni jambo moja. Kujiona una haki ya kuingia ni jambo jingine.

La pili ni la lugha. Mwaka 2021, katika Royal Academy ya London, Armitage aliambatanisha onyesho lake na kazi za wakongwe kama Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe na Wadu mwenyewe. Sehemu hiyo iliitwa Mwili, Akili na Roho. Kwa Kiswahili, jamani, tena London! Mwaka uliofuata, nyumbani, onyesho la Wadu likaitwa I Hope So, yaani "natumaini hivyo". Ugenini Kiswahili kilivaa joho. Nairobi kikabaki nje ya mlango.

Mtu atanijibu kwamba Wadu mwenyewe alichagua jina la Kiingereza. Ni kweli, na alilitumia kama fimbo ya kuwachapia waliomcheka. Ndiyo maana lawama zangu siwatwishi waandaaji peke yao. Wao walitundika picha. Sisi wenye istilahi za fani, maudhui, taswira na kejeli tulikuwa wapi? Mwaka ule wa NCAI haukukosa kazi za kuhakikiwa. Ulikosa wahakiki wa Kiswahili. Napendekeza kila toleo la jarida letu litenge walau kurasa mbili kwa maonyesho ya picha na vinyago, na walimu wetu wakubali kuzisahihisha kama insha nyingine yoyote.