Somo la Saketi kwa Njia ya Intaneti: Kilichofanya Kazi San Jose

Miongoni mwa masomo ya sayansi ambayo mwanafunzi wa uhandisi hawezi kuyakwepa, uchambuzi wa saketi una nafasi ya pekee, kwa kuwa ndio unaomtoa katika fizikia ya sekondari, inayouelezea umeme kama nguvu ya asili, na kumwingiza katika uhandisi, unaoushughulikia umeme kama kitu cha kupimwa, kuelekezwa na kutumikishwa. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Jose, California, nchini Marekani, somo hilo hujulikana kama EE 98, ni la lazima, na hadi mwaka 2012 lilikuwa na sifa ya kuwaangusha wanafunzi wengi, ambao walilazimika kulirudia na hivyo kuchelewa kuhitimu. Katika muhula wa mwisho wa mwaka huo, darasa moja la EE 98 lilifundishwa kwa kutumia mihadhara ya intaneti iliyotayarishwa na MIT, na asilimia 91 ya wanafunzi wake walifaulu, ilhali katika darasa lililofundishwa kwa mhadhara wa kawaida waliofaulu walikuwa asilimia 59. Wengi waliupokea ufaulu huo kama ushindi wa intaneti, lakini ukichunguza namna kazi yenyewe ilivyofanyika, utaona kwamba sehemu kubwa ya ushindi huo ilipatikana darasani, mbali na skrini.

Kozi iliyoazimwa na San Jose iliitwa 6.002x, nayo ilifunguliwa kwa umma Machi 2012 chini ya Profesa Anant Agarwal na wenzake. Msingi wake ni hatua moja ya kifikra ambayo mwanafunzi asipoielewa mapema hutangatanga muhula mzima. Milinganyo ya Maxwell, inayoeleza tabia zote za umeme na sumaku, ni migumu mno kutumiwa kwa kila waya na kila kifaa. Kwa hiyo mhandisi hukubali masharti machache, kwamba uga wa sumaku nje ya vifaa haubadiliki, kwamba chaji haijilundiki ndani ya vifaa, na kwamba mabadiliko ya umeme ni ya polepole yakilinganishwa na muda ambao mawimbi yake huchukua kuipita saketi, na akishayakubali anaruhusiwa kukitazama kila kifaa kama nukta moja yenye volti na mkondo wake. Hapo ndipo kanuni mbili za Kirchhoff, zilizotolewa mwaka 1845, zinapokuwa za kutosha kwa kazi: ya kwanza husema kwamba mikondo inayoingia katika kiungo cha nyaya ni sawa na inayotoka, na ya pili kwamba volti zote za kuzunguka kitanzi kizima zikijumlishwa kwa alama zake huleta sifuri.

Maudhui hayo yalikatwakatwa katika video fupi, ambamo mwalimu huandika kwa kalamu ya kielektroniki huku akieleza, na katikati ya video yaliwekwa mazoezi ambayo kompyuta huyasahihisha papo hapo, ikipokea jibu la namba au hata fomyula nzima. Mwanafunzi anayekosea huliona kosa lake wakati wazo bado ni bichi kichwani, tofauti na karatasi ya mazoezi inayorejeshwa baada ya wiki mbili. Badala ya maabara kulikuwa na kiigaji, yaani programu inayokokotoa jinsi saketi iliyochorwa kwenye skrini ingetenda kama ingejengwa. Mazoezi ya nyumbani yalibeba asilimia 15 ya alama, kazi za maabara zilizofanywa kwenye kiigaji hicho asilimia 15, mtihani wa katikati asilimia 30 na wa mwisho asilimia 40.

Ubora huo wote haukutosha kuwafikisha wengi mwisho wa safari. Waliojiandikisha katika kozi hiyo ya kwanza walikuwa 154,763, na waliopata cheti walikuwa 7,157. Si haki kuwahesabu wote waliobaki kuwa wameshindwa, kwa sababu wengi walijiandikisha ili kuchungulia tu, bila ada wala dhamira ya kumaliza. Takwimu yenye uzito zaidi ni ndogo na haikupata umaarufu: watafiti waliochambua kumbukumbu za kozi hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2013 waliona kwamba mwanafunzi aliyefanya kazi pamoja na mwenzake wa kozi, au na mtu mjuzi wa fani hiyo, nje ya mtandao, alitarajiwa kupata takriban alama tatu zaidi ya aliyejisomea peke yake. Kwa maneno mengine, hata katika kozi iliyobuniwa ili mtu aweze kusoma akiwa peke yake, upweke ulikuwa na gharama.

Mwalimu Khosrow Ghadiri, aliyelifundisha darasa lile la EE 98 huko San Jose, aliijenga kazi yake juu ya jambo hilohilo. Wanafunzi walitazama video na kufanya mazoezi nyumbani kabla ya kipindi, na walipofika darasani hapakuwa na mhadhara wa kurudia yaleyale. Mwalimu aliuliza maswali ili kupima kilichoeleweka, akafafanua kwa kifupi palipokwama, kisha wanafunzi wakakaa vikundi vya watatu watatu kukokotoa maswali huku yeye na wasaidizi wake wakipita kati yao, na baadaye kila mmoja akafanya jaribio dogo peke yake.

Thamani ya mpangilio huu huonekana vizuri zaidi katika aina ya makosa yanayofanyika katika somo lenyewe. Mwanafunzi wa saketi mara nyingi huwa anaijua kanuni, akaharibikiwa kwenye alama ya kujumlisha au kutoa, kwa mfano pale anapochagua mwelekeo wa mkondo katika kitanzi kimoja na kuusahau anapoingia kitanzi cha pili. Kompyuta humwambia kwamba jibu ni batili, lakini haimwambii kwamba aliteleza kwenye mstari wa tatu, naye akiwa peke yake huanza kubadilisha alama ovyo mpaka jibu likubalike, na hapo huondoka na maksi bila ufahamu. Mwenzake aliyeketi karibu humuuliza swali moja tu, kwa nini mshale huu umeelekea huku, na swali hilo humlazimisha kuitetea hatua yake kwa maneno. Kuitetea hatua kwa maneno ndiko kujifunza uhandisi, na hakuna kisahihishi cha mwaka 2012 kilichoweza kulidai hilo kwa mwanafunzi.

Ulinganisho wa asilimia 91 na 59 unastahili tahadhari, kwani muhula mmoja wa chuo kimoja hauthibitishi kanuni, na wanafunzi wa darasa hilo walisukumwa kufanya kazi nyingi zaidi kila wiki kuliko ilivyozoeleka. Hata hivyo, ushahidi wa upande wa pili ulipatikana haraka na chuoni hapohapo. Januari 2013 San Jose ilianzisha na kampuni ya Udacity kozi za hisabati na takwimu zilizofundishwa kwa intaneti tu, pasipo kipindi cha ana kwa ana, nazo zikawapa wanafunzi wa muhula huo ufaulu wa chini kuliko madarasa ya kawaida, hata mradi ukasitishwa Julai mwaka huohuo. Wanafunzi wa kundi hilo walikuwa tofauti na wale wa uhandisi, wengine wakiwa wamewahi kushindwa somo lilelile, lakini hao ndio hasa waliohitaji mtu wa kuketi nao.

Linabaki suala la maabara, ambalo kwa mhandisi si dogo. Viigaji vina historia ndefu na yenye heshima tangu programu ya SPICE ilipoundwa huko Berkeley mapema katika miaka ya 1970, lakini kiigaji hutatua milinganyo iliyopewa na si zaidi. Chukua vikinzani viwili vya omu milioni moja kila kimoja, vilivyounganishwa mfululizo kwenye volti 10. Kiigaji kitaonyesha volti 5 kwenye kiungo kilicho kati ya vikinzani hivyo. Multimita ya kawaida, yenye ukinzani wa ndani wa omu milioni 10, itaonyesha takriban volti 4.76, kwa sababu kifaa cha kupimia chenyewe kimekuwa sehemu ya saketi. Kikinzani kilichoandikwa omu 1,000 chenye ustahimilivu wa asilimia 5 kinaweza kuwa na omu 950 au 1,050, na waya uliolegea hautajwi na mlinganyo wowote. Mwanafunzi aliyepita katika kiigaji pekee hukutana na mambo haya kwa mara ya kwanza akiwa kazini.

Njia ya kati ilikwisha kujaribiwa. Kuanzia mwaka 1998 Jesús del Alamo wa MIT aliwawezesha wanafunzi kupima transista halisi wakiwa mbali, kwa kuagiza vipimo kupitia intaneti na kupokea data ya kifaa cha kweli pamoja na kasoro zake, na mpango huo, uliokuja kuitwa iLab, baadaye ulivishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere na Obafemi Awolowo cha Nigeria. Kwa vyuo vyenye vifaa vichache na wanafunzi wengi, ubunifu huo ulikuwa na maana kubwa kuliko video yoyote, ingawa nao haumfundishi mtu kushika chuma cha kulehemu.

Chuo kinachokusudia kuhamishia somo la lazima la sayansi kwenye intaneti kiweke kwanza katika bajeti mshahara wa wasaidizi wa darasani na saa za maabara yenye vifaa vya kushikwa kwa mkono, kisha ndipo kinunue video. Na mwanafunzi wa uhandisi ambaye hana hiari ila kulisoma somo hilo mtandaoni atafute wenzake wawili kabla ya wiki ya kwanza kwisha, wakubaliane siku na mahali pa kukutana, na kila mmoja afike na mazoezi aliyojaribu kuyafanya mwenyewe.