Kupanda Mchongoma: Gari la Familia Lipimwe kwa Mteremko

Mtu wa Mbeya au Iringa anayetafuta gari la chini la familia, lile lenye milango minne na buti yake nyuma, huanza na maswali matatu: ni namba gani, ni cc ngapi, na linakula mafuta kiasi gani. Maswali haya yana maana, lakini yamekuzwa Dar es Salaam, jiji la usawa wa bahari lenye foleni ndefu na milima michache. Huku Nyanda za Juu Kusini hayatoshi. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba gari la familia ya huku lichaguliwe kwanza kwa namna litakavyoshuka mlima likiwa limejaa watu na mizigo, na kwa uwezo wa mwenye gari kuitunza mifumo inayolishusha salama. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Ukubwa wa gari, injini, umri na bei, vyote hupata majibu mazuri zaidi vikipimwa kwa kipimo hicho.

Tuitazame ardhi yenyewe. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa ni zaidi kidogo ya mita 1,500. Mkazi wa Iringa akitoka mjini kuifuata barabara kuu ya TANZAM, kwanza anashuka hadi Ipogolo. Akielekea Morogoro anakutana na Kitonga, mlima unaomtoa kwenye baridi ya Ilula na kumfikisha kwenye joto la Ruaha Mbuyuni kwa kona zilizobanwa kati ya jabali na korongo. Mkazi wa Mbeya ana Mlima Nyoka upande wa Uyole na Iwambi upande wa Mbalizi. Akienda Kyela kupitia Tukuyu, safari yake inaishia kwenye tambarare ya Ziwa Nyasa, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Njia za TANZAM anazipita pamoja na malori yanayokwenda Zambia na Kongo, kwa hiyo hachagui mwendo wa kushukia peke yake. Mara nyingi analazimika kutambaa nyuma ya lori, mguu ukiwa kwenye breki.

Hesabu ndogo inaonyesha kazi ya breki hizo. Toyota Premio ya cc 1,500 ina uzito wa takriban kilo 1,200 ikiwa tupu. Ongeza watu watano na mizigo, tuseme kilo 400, inakuwa kilo 1,600. Kuishusha mita 1,200, kutoka Mbeya hadi tambarare ya Kyela, kunaachia nishati ya megajuli zipatazo 19, ambayo ingetosha kuchemsha lita saba za maji baridi hadi zikauke zote. Toyota Mark X ya cc 2,500, yenye uzito wa kilo 1,500 na ushee ikiwa tupu, kwa mzigo uleule inaachia karibu megajuli 22. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo na injini, na inayobaki hugeuka joto, hasa kwenye diski na pedi za breki. Joto likizidi, pedi hupoteza mshiko, na mafuta ya breki yakichemka pedali huzama chini bila kuleta breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi, lakini hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita, na yakishajaa maji kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140. Gari lililokaa miaka sita bila kubadilishiwa mafuta ya breki linaweza kuonekana zima kabisa mjini Iringa, kisha likakosa breki katikati ya Kitonga.

Hapa mtu ataona kwamba gari zito ndilo la hatari. Si rahisi hivyo. Kiwanda huliwekea gari zito diski kubwa zaidi, na injini ya cc 2,500 ikiwa kwenye gia ya chini huzuia mwendo vizuri kuliko injini ndogo. Mark X yenye gia sita humruhusu dereva kuchagua gia ya chini mwenyewe na kushuka akigusa breki kwa nadra. Tofauti kubwa kati ya magari haya iko kwenye gharama ya kuyatunza. Pedi, diski na matairi makubwa yanayobeba gari zito yana bei yake, na anayenunua Mark X kwa shilingi yake ya mwisho ndiye atakayeifunga pedi za bei rahisi na matairi ya mtumba. Premio iliyotunzwa ni salama kuliko Toyota Crown iliyotelekezwa, na familia inahitaji kulijua hilo kabla ya kuvutiwa na viti vya ngozi.

Kupanda nako kuna masharti yake. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa sababu hewa inayovuta ni nyepesi. Mbeya mjini, nguvu za farasi 110 za Premio ya cc 1,500 zinabaki kama 91. Premio ya cc 1,800, yenye zaidi ya 130 kiwandani, inabaki na zaidi ya 110, ambayo ni nguvu kamili ya ile ndogo ikiwa pwani. Mark X ya cc 2,500 inabaki na zipatazo 168. Kwa familia iliyojaa gari, cc 1,500 inakuwa imebanwa: kulipita lori kwenye mwinuko kunachukua muda mrefu, na muda huo ndio unaoua. Mwinuko huo pia hushusha kiwango cha maji kuchemka. Mbeya, maji kwenye sufuria huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Mfuniko wa rejeta huongeza shinikizo juu ya lile la hewa ya mahali, kwa hiyo mfuniko uliochoka unaovumilika Dar utachemsha injini huku. Na ile desturi ya baadhi ya mafundi ya kutoa themostati ili gari lisichemke haifai kabisa kwenye baridi ya Juni na Julai. Injini itachelewa kupata joto lake, itakula mafuta zaidi na kulika haraka.

Kwa vipimo hivyo, tuangalie magari yenyewe. Premio na pacha wake Allion zina upana wa milimita 1,695, na sababu yake ni sheria ya Japani: gari lisilozidi upana wa milimita 1,700, urefu wa milimita 4,700 na cc 2,000 huhesabiwa kwenye kundi la magari madogo. Ndiyo maana watu wazima watatu kwenye kiti cha nyuma hugusana mabega. Mark X iliyoanza 2009 ina upana wa karibu milimita 1,795, na umbali kati ya ekseli zake ni milimita 2,850 dhidi ya 2,700 za Premio. Hilo ndilo gari kubwa la chini kwa maana halisi, na kwenye safari ya Mbeya hadi Iringa, kilomita zaidi ya 300, watoto na wazee hupumzika zaidi. Lakini kuna tofauti isiyoonekana kwa macho. Injini za cc 2,500 na 3,000 za Mark X, na za Crown nyingi za 2003 hadi 2008, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mfumo huo ni bora ukiwa mzima, ila petroli haioshi tena vali za kuingiza hewa, hivyo masizi huganda juu yake, na pampu ya shinikizo kubwa haivumilii mafuta machafu. Premio ya 2007 na kuendelea yenye cc 1,500 au 1,800 hupuliza petroli kabla ya vali, mfumo ambao fundi wa kawaida anaumudu.

Kwa anayeamua Mark X, tofauti ya toleo ni muhimu kuliko rangi. Ile ya 2004 hadi 2009 ilitengenezwa kwa petroli ya okteni ya juu ya Japani. Mwaka 2009 injini ya cc 2,500 ilirekebishwa itumie petroli ya kawaida, nguvu zikashushwa hadi 203. Mwinuko wetu unapunguza kidogo mahitaji ya okteni, maana mgandamizo ndani ya silinda ni mdogo, lakini gari hilo hushuka pia hadi Kyela na Dar es Salaam. Toleo la pili ndilo salama zaidi.

Pingamizi la kwanza litakuwa mafuta, na ni la haki. Tuchukue mfano wa gari moja linalotumia lita 8 kwa kilomita 100 na jingine lita 12. Kwa kilomita 12,000 za mwaka, tofauti ni lita 480, na kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 ni shilingi 1,440,000. Zaidi ya hapo, tangu bajeti ya 2017/18 ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye mafuta, mwenye injini kubwa huilipa ada hiyo kila anapojaza tenki. Tofauti hiyo ya mwaka ni seti ya matairi mapya na pedi. Ndiyo maana familia inayosafiri mara chache kwa mwaka haina sababu ya kuibeba gharama hiyo. Inayokwenda Dar au Dodoma kila mwezi ikiwa imejaa inaweza kuitetea, kwa kuwa inanunua nafasi, utulivu na uwezo wa kulipita lori upesi.

Pingamizi la pili linahusu umri: kwa nini mtu asinunue gari jipya kabisa? Mark X ilikoma kutengenezwa Desemba 2019, na Premio na Allion Machi 2021, kwa hiyo jipya maana yake ni gari la aina nyingine, kama Camry, lenye bei ya mbali na spea zisizozagaa mikoani kama za Premio. Kinachotafutwa ndani ya upya ni historia inayojulikana, na hiyo hupatikana pia kwenye gari lililotumika ambalo ni changa. Kodi yenyewe inalisema hili. Kwa viwango vilivyozoeleka vya TRA, yaani ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini za zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 na asilimia 10 kwa zinazozidi hapo, pamoja na VAT asilimia 18, Premio ya chini ya miaka 8 yenye thamani ya shilingi 100 hulipa takriban 55, bila tozo ndogondogo. Ikizidi miaka 10, ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 huifikisha karibu 99. Injini ya cc 2,500 huongeza 7 tu. Ni kweli thamani ya msingi ya gari kuukuu ni ndogo, na viwango huweza kubadilika kila bajeti, lakini sehemu kubwa ya fedha ya anayeagiza gari kuukuu huishia kwenye kodi badala ya chuma. Namba ya gari nayo isimdanganye mnunuzi. Herufi huonyesha limesajiliwa lini nchini, na gari la 2006 linaweza kubeba herufi mpya kabisa. Mwaka wa kutengenezwa usomwe kwenye kadi na uthibitishwe kwa namba ya chesesi.

Wengine watasema mikoa hii inataka gari la juu. Kwa anayepita kila wiki njia za udongo za Makete au Ludewa wakati wa masika, wanasema kweli, na gari la chini lenye nafasi ya milimita 150 hivi chini yake litamtesa. Lakini familia nyingi za mjini hutembea kwenye lami, na matuta ya TANZAM hayavunji gari la chini linalopunguza mwendo. Kwenye kona za Kitonga, gari lenye kitovu cha uzito karibu na ardhi hulala kidogo na kushika barabara vizuri.

Basi uamuzi ni huu. Kwa familia nyingi za Mbeya na Iringa, Premio au Allion ya cc 1,800 iliyotengenezwa miaka ya karibuni ndiyo chaguo la kwanza. Kwa wasafiri wa kila mwezi wenye bajeti ya kuitunza, Mark X ya cc 2,500 ya baada ya 2009. Crown na Mark X za kabla ya hapo zinunuliwe na anayejua gharama zake. Kabla ya kulipa, mwambie fundi wako apime unyevu kwenye mafuta ya breki, aangalie unene wa diski, aujaribu mfuniko wa rejeta, ahakikishe themostati ipo, achunguze kutu chini ya bodi kwa magari yaliyotoka maeneo ya theluji ya Japani, na asome tarakimu nne za tarehe kwenye tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Vuta kila mkanda wa kiti cha nyuma, pamoja na ule wa katikati. Kisha lijaribu gari kwenye mteremko, likiwa na watu ndani, kwa gia ya chini. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ondoka, utafute gari jingine.