Asili ya Kiswahili: Utafiti Uliokwama Maktabani

Swali la asili ya Kiswahili ni la kawaida katika vyuo vya Kenya, na jibu lake aghalabu huwa orodha: wapo wasemao kuwa lugha hii ni pijini, wapo wasemao kuwa ni Kiarabu kilichogeuka, na wapo wasemao kuwa ni ya Kibantu. Mwanafunzi huzipanga nadharia hizo, akaipa kila moja aya yake, kisha akahitimisha kwamba wataalamu hawajaafikiana. Hitimisho hilo ndilo kasoro yenyewe. Mintarafu ya nasaba ya lugha, wataalamu waliafikiana zamani.

Malcolm Guthrie, katika uainishaji wake wa 1948, alikiweka Kiswahili miongoni mwa lugha za Kibantu, ingawa alikitenga na Kimijikenda na Kipokomo kwa kuziweka lugha hizo katika kanda nyingine. Mnamo 1993 Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walitoa Swahili and Sabaki, kitabu kilichothibitisha kwamba Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro ni ndugu wa tumbo moja. Hoja yao haitegemei kuhesabu maneno ya mkopo, bali sauti zinazolingana kwa utaratibu. Macho ya Kiswahili sanifu ni mato kwa Kiamu na matso kwa Kigiriama. Cheka ni teka, na kwa Kigiriama tseka. Sita, saba na tisa zilikopwa kwa Waarabu, nazo tandatu na kenda zikafifia. Ulinganifu wa sauti kama huo haukopwi.

Mbona basi matokeo hayo hayakufika darasani? Kitabu chenyewe ni kinene, kimeandikwa kwa Kiingereza, na hakisomeki bila ujuzi wa fonolojia linganishi. Historia ya Kiswahili ya Chiraghdin na Mnyampala, iliyotolewa 1977, imeandikwa kwa lugha ya wanafunzi wenyewe, na kwa hiyo huwafikia kwa wepesi. Lakini lawama haziishii kwenye lugha. Sura ya mapitio ya maandishi katika tasnifu nyingi hurithiwa kutoka tasnifu iliyotangulia. Kitabu hutajwa na mtu asiyepata kukifungua, na msimamizi hupitisha kwa kuwa naye alipitishwa hivyo hivyo. La kusikitisha zaidi ni kwamba katika madarasa hayo huketi vijana wa Kilifi na Tana River, wenye ushahidi vinywani mwao, wakiandika kwamba huenda Kiswahili ni pijini.

Ni kweli kwamba Mswahili ni nani ni swali lingali na ubishi, kama walivyoonyesha Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff mwaka 1994, na huko kupanga maoni yanayopingana kuna haki yake. Kulichanganya swali hilo na lile la nasaba ya lugha ndiko kunakoifanya orodha ile iendelee kuishi.

Mtihani ungeweza kuuliza vingine: mtahiniwa apewe maneno ishirini ya Kiamu, Kimvita na Kigiriama, aeleze uhusiano wake. Jibu la swali hilo halimo katika tasnifu ya mwaka uliopita, na msahihishaji naye atalazimika kuisoma kazi ya 1993 kabla ya kushika kalamu nyekundu.