Taa Inayowaka na Simu Iliyokwisha Chaji

Katika maisha yangu nimesoma na kuhakiki maandishi ya kila namna, mazito na mepesi, lakini sikutegemea hata siku moja kwamba ningekaa kitako kuhakiki karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya boksi la chaja. Msomaji anivumilie. Karatasi hiyo imenigharimu kuliko vitabu vingi nilivyovinunua, na nathubutu kusema kwamba maandishi yanayomwongoza mtu wakati chombo chake kimeharibika yanastahili kuhakikiwa sawasawa na riwaya au diwani.

Chaja yenyewe ni ile isiyochomekwa kwenye simu. Ni kisahani cha mviringo, chembamba, upana wake kama kiganja. Waya unatoka ukutani na kuishia kwenye kisahani. Simu unailaza juu yake, basi, inachaji. Kijana wangu aliniletea zawadi baada ya kuona tundu la chaja la simu yangu limelegea, mpaka nikawa naegemeza waya kwa kitabu ili ushike. “Baba, sasa utapumzika,” aliniambia. Nami nilipumzika kweli. Kwa muda wa miezi miwili sikuugusa waya wa zamani.

Usiku mmoja wa Alhamisi, saa nne, niliilaza simu juu ya kisahani ikiwa na asilimia 6. Taa ndogo ya buluu ikawaka, alama ya chaji ikatokea kwenye kioo, nikalala. Nilipoamka alfajiri taa ilikuwa inawaka vilevile, lakini simu ilikuwa imezima, nyeusi tii. Niliuchukua waya wa zamani, nikauegemeza kwa kitabu, na baada ya dakika chache jumbe zikaanza kuingia. Zilitoka kwa mdogo wangu wa kike anayekaa na mama yetu Muheza. “Kaka, mama tumbo limemzidi, tunampeleka hospitali.” “Kaka, hupatikani.” “Kaka, daktari anasema utumbo umejisokota, lazima apasuliwe usiku huu. Nifanyeje?” Ujumbe wa mwisho uliandikwa saa kumi kasorobo: “Kaka, nimesaini mwenyewe.”

Mama alipona. Nalisema hilo mapema ili msomaji asiendelee na roho juu. Lakini yale maneno mawili ya mwisho, nimesaini mwenyewe, hayajanitoka. Kwetu mimi ndiye mkubwa. Mdogo wangu alisimama peke yake kwenye korido ya hospitali usiku wa manane, akabeba uamuzi ambao ulitakiwa kubebwa na watu wawili, wakati mimi nimelala kando ya taa inayonihakikishia kwamba mambo ni shwari.

Nilipotulia niliitafuta ile karatasi. Imeandikwa kwa lugha saba, Kiswahili hakimo. Nikasoma ya Kiingereza. Chini ya kichwa kinachohusu matatizo mna mistari mitano: ondoa kava, weka simu katikati, futa vumbi, zima simu kisha uiwashe, ikishindikana, mrudie aliyekuuzia.

Sisemi kwamba mistari hiyo ni ya uongo. Yote mitano ni ya kweli, na hapo ndipo ugumu wa kuihakiki ulipo. Kasoro yake ya kwanza ni kwamba inatoa amri bila sababu. Mtu aliyeambiwa aondoe kava bila kuelezwa kava inazuia nini atatii mara moja, kisha atairudisha. Kasoro ya pili ni kwamba inajua tatizo la aina moja tu, yaani chaja iliyokataa tangu mwanzo. Chaja inayokubali, ikakuacha ulale, kisha ikaacha kazi kimyakimya, haimo kabisa. Kasoro ya tatu ni ya adabu: mistari minne ya kwanza inamchukulia mwenye simu kuwa ndiye mkosaji, na hakuna hata mmoja unaokiri kwamba chombo chenyewe kina udhaifu wa kimaumbile.

Udhaifu huo hauhitaji uhandisi kuuelewa. Mwaka 1831 Michael Faraday, kule London, alizungushia pete ya chuma nyaya mbili zisizogusana, akaona kwamba mkondo wa umeme unapoanza au kukatika katika waya mmoja, mkondo mwingine huamka kwa kitambo katika ule wa pili. Kisahani changu kinafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Ndani yake mna msokoto wa waya wa shaba, na nyuma ya simu mna msokoto mwingine. Umeme unaobadilika mbio katika msokoto wa chini huzaa nguvu ya sumaku inayobadilika, nayo huamsha umeme katika msokoto wa juu. Kwa hiyo jina “bila waya” linapotosha. Nyaya zipo, tena nyingi kuliko zamani. Kilichoondolewa ni ule mguso ambao jicho lingeuona. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kanuni hiyo ikishaeleweka, ile mistari mitano inapata uhai. Misokoto miwili lazima ikae karibu sana, tofauti ya milimita chache tu; ndiyo maana kava nene ni kikwazo. Lazima ielekeane, ndiyo maana ya katikati. Kitu cha chuma kikiingia kati, kama pete ya kushikia simu, kibati cha kuibandika kwenye gari au sarafu, kinanyonya nguvu hiyo na kupata moto, na chaja iliyotengenezwa vizuri hukitambua ikajizima kwa usalama. Kadi ya benki iliyofichwa nyuma ya kava nayo haifai kukaa hapo. Sehemu ya nguvu inayopotea njiani hugeuka joto, na simu ikihisi betri yake imepata joto kupita kiasi hupunguza chaji au huikata. Simu iliyolazwa karibu na dirisha lenye jua la Dar es Salaam haina haja ya ubovu mwingine.

Kijana wangu alipokuja Jumamosi tulianza uchunguzi, nami nilishika sharti moja: tubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, tukiandika asilimia kwenye daftari kila baada ya nusu saa. Tulianzia ukutani, mahali ambapo karatasi haikugusa kabisa. Soketi ilikuwa nzima. Kichwa cha chaja nilichokuwa nakitumia kilikuwa cha simu yangu ya zamani, cha wati 5, ilhali kisahani kimeandikwa wati 10. Tulipoweka kichwa chenye nguvu ya kutosha, chaji ilipanda haraka zaidi. Lakini hata kwa kile cha zamani ilipanda, ingawa polepole. Kwa hiyo huyo hakuwa mkosaji wetu. Tukaondoa kava, tofauti ikawa ndogo. Tukaipapasa simu mgongoni. Ilikuwa ya uvuguvugu tu.

Hapo kijana akaniuliza, “Baba, usiku ule uliiweka kwenye mlio au kwenye mtetemo?” Mtetemo, kama kawaida yangu. Akaenda jikoni akaanza kunitumia jumbe. Kila ujumbe ulipoingia simu ilitetemeka na kusogea kidogo sana, na maadamu meza yangu ya kitandani imeinama upande wa ukuta, ilisogea upande huo huo. Baada ya jumbe kadhaa ilikuwa imehama upana wa kidole. Alama ya chaji ikatoweka kwenye kioo. Taa ya kisahani ikaendelea kuwaka.

Ndipo nikakumbuka kundi la kamati ya harusi ya mpwa wetu, lililobishana kuhusu michango mpaka usiku wa manane siku ile ile. Watu wanaonipenda, wakipanga furaha ya familia, walikuwa wanaisukuma simu yangu ujumbe kwa ujumbe mpaka ikatoka kwenye chaji yake.

Siilaumu kamati. Siwezi hata kuulaumu mtetemo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Lawama yangu ni kwa taa. Taa ile inasema jambo moja tu: kisahani kimepata umeme wa ukutani. Mimi niliisoma kana kwamba inasema simu imepokea. Hapana shaka nilikosea, lakini ni kosa ambalo mtengenezaji angeweza kuliona kabla yangu, kwa kuwa binadamu anayelala anahitaji kujua hali ya simu, wala hana shida na hali ya kisahani. Taa hiyo ingezimika simu inapohama, au simu ingelia mara moja kwa sauti, nami ningeamka.

Kwamba mkao ndio kitovu cha tatizo si siri kwa wakubwa wa kazi hii. Muungano wa makampuni uliotoa kanuni ya Qi, jina linalotokana na neno la Kichina la nguvu ya uhai, ulianzishwa mwaka 2008. Mwezi Septemba mwaka 2017 kampuni ya Apple ilitangaza mkeka wa AirPower, ambao ungechaji vifaa vitatu kwa pamoja, kila kimoja kikilazwa popote mtu apendapo. Mwezi Machi mwaka 2019 ikaufuta kabla haujafika dukani. Mwaka 2020 kampuni hiyo hiyo ikaja na pete ya sumaku inayoivuta simu mahali pake, na kanuni mpya ya Qi2, iliyotangazwa mwaka 2023, ikachukua njia hiyo ya sumaku. Nionavyo mimi, sumaku hizo ni maungamo. Waliokuwa wakituambia “laza tu” wamekubali kwamba kulaza tu hakutoshi. Karatasi yangu haijapata habari hizo.

Kama ningepewa kuiandika upya, ningeianzisha ukutani na kuimalizia kwenye simu, njia ile ile unayopita umeme: soketi, kichwa cha chaja na wati zake, waya, kisahani, kitu kilicho kati, mkao, joto, na mwisho simu yenyewe. Kwenye simu ningeuliza kwanza kama ina msokoto wa kupokea, kwani simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu hazina, na mwenye simu ya namna hiyo anaweza kufuta vumbi mpaka Kiyama. Ningemweleza pia kwamba simu nyingine hupangwa zisimamishe chaji kwenye asilimia 80 ili kuitunza betri, na huo si ugonjwa. Kisha ningeongeza mstari mmoja wa uungwana: usiku unaosubiri habari nzito, tumia waya.

Haki lazima nitendee pande zote. Kisahani kinaliepusha tundu la chaja na uchakavu, na kwa mzee ambaye vidole vyake vinatetemeka, kulaza simu ni rahisi kuliko kulenga tundu. Sikukitupa. Kipo sebuleni, juu ya meza iliyonyooka, na mchana kinanifaa sana.

Lakini nililipeleka lile tundu lililolegea kwa fundi simu, akalibadilisha wakati nasubiri kwenye benchi. Siku zote lilikuwa jambo la kutengenezeka, nami nilikuwa nimelikimbia kwa kununuliwa kitu kipya. Sasa usiku nachomeka waya, nausikia ukishika, nautikisa kidogo kuhakikisha, na mlio nauacha wazi. Mdogo wangu hajawahi kunilaumu kwa usiku ule. Nilipofika Muheza na kutaka kumweleza habari za misokoto na sumaku, alinikatiza kwa upole: “Kaka, mama anakuita.” Nikaingia.