Chema Chajiuza, Lakini Bango Lamwita Mpita Njia

Wazee walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ikiwa ndivyo, tuseme nini juu ya bango la muziki? Kazi yake yote ni kujitembeza. Hubandikwa ukutani, humwita mpita njia, na siku ya dansi ikipita halina kazi tena. Mvua hulilowesha, mbuzi hulitafuna. Walakini katika nchi nyingi wako watu wanaoyatafuta mabango ya zamani na kuyatunza kama mali. Je, ni upuuzi? Tulipime jambo hili kwa haki.

Tuanze Marekani, ambako ukusanyaji huu ulipata nguvu. Mwaka 1966, mjini San Francisco, Bill Graham alikuwa akitayarisha dansi za muziki wa roki katika ukumbi wa Fillmore, na mabango yake alichorewa na Wes Wilson. Huyu alizipinda herufi kama ndimi za moto, hata zikajaza karatasi nzima. Mwenzake Victor Moscoso, aliyejifunza elimu ya rangi katika chuo cha Yale, aliweka bega kwa bega rangi zinazopingana, macho yakaona kana kwamba karatasi inatetemeka. Kuyasoma kulikuwa kazi, na ndivyo walivyotaka, ili mtu asimame. Watu walisimama kweli, tena wakayabandua na kwenda nayo nyumbani.

Miaka ileile ilivuma sanaa iitwayo popu, iliyochukua vitu vya dukani na vya matangazo ikavifanya picha za kuheshimiwa. Mwaka 1962 Andy Warhol alionyesha picha 32 za makopo ya supu. Mwaka 1967 picha yake ya ndizi ikatokea juu ya jalada la santuri ya kundi la Velvet Underground.

Na huku kwetu Kongo? Wachoraji wetu nao walitoka katika matangazo. Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka 1956, alifika Kinshasa mwaka 1972 akafanya kazi ya kuchora vibao vya maduka. Mwaka 1975 akafungua karakana yake. Aliona watu wakizitupia jicho picha zilizotundikwa njiani, kisha wakienda zao. Basi akaanza kuandika maneno ndani ya picha, na watu wakasimama kuyasoma. Moke, aliyefariki mwaka 2001, alichora baa za Kinshasa na wachezaji wake. Mwaka 1978 picha za wachoraji wa namna hii zilionyeshwa mjini Kinshasa, na mwaka 1989 za Samba zikafika Paris.

Hapo ndipo penye tofauti. Kopo la Warhol limenyamaza kimya. Moscoso humnasa mpita njia kwa macho. Samba humnasa kwa maneno, halafu akaongea naye. Kwa hukumu yangu, Samba ndiye amemheshimu zaidi mtu wa njiani. Bango zuri humsimamisha mtu, kisha humwambia jambo. Mchukuzi atokaye bandarini Kalundu na gunia begani hana nafasi ya kufumbua mafumbo. Aambiwe waziwazi: nani atapiga, wapi, siku gani, kiingilio kiasi gani.

Mkusanyaji naye apimwe. Wengine hushindana kupata chapa ya kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye bei. Lakini bei si kipimo cha uzuri. Faida ya kweli ya bango la kale ni ushuhuda wake. Mathalani, mwaka 1974 pambano la Ali na Foreman mjini Kinshasa liliwekwa tarehe 25 Septemba, pamoja na tamasha kubwa la muziki. Foreman akapasuka juu ya jicho katika mazoezi. Tamasha likafanyika tarehe 22 hadi 24 Septemba, akiwapo James Brown na Franco wetu, bali ngumi zikangoja hadi tarehe 30 Oktoba. Yako mabango yenye tarehe ile ya kwanza. Karatasi hiyo yenye tarehe isiyotimia yatufundisha zaidi kuliko iliyosahihishwa.

Lakini ushuhuda wetu uko wapi leo? Mwaka 2013 makumbusho ya Tervuren, huko Ubelgiji, yalipata picha karibu 2,000 za wachoraji wa Kongo, zilizokusanywa na mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki. Tumshukuru kwa kuziokoa. Hata hivyo, ni vigumu kwa mtoto wa Uvira kwenda Ubelgiji kutazama jinsi baba yake alivyoitwa dansini.

Basi, ndugu msomaji, usidharau kazi hii. Usibandue tangazo kabla ya siku yake kupita, maana utamwibia mwenye dansi wageni wake. Likishapita, liombe. Andika nyuma yake kwa kalamu ya risasi: mchoraji, ukuta lilipobandikwa, siku, kundi la wapigaji. Bila maneno hayo unatunza rangi tu. Tena liweke juu, pakavu. Mwaka 2024 tuliona maji ya Tanganyika yakipanda na kuingia bandarini na majumbani, na maji hayachagui kati ya karatasi ya thamani na ya kufungia dagaa.